Modemu ya Zamani na Modemu ya Baadaye



Juzi, baada ya somo, mzee mmoja alinifuata. Akasema, "Mwalimu, kuna kijana mjini ananiuzia kompyuta kuukuu. Ameongeza bei, eti ina modemu nzuri. Je, nilipe?" Nikaona swali hilo ni letu sote.

Modemu ni nini? Ni chombo cha kuunganisha kompyuta na waya wa simu. Waya ule ulitengenezwa ubebe sauti ya mtu. Kompyuta haina sauti, ina alama tu. Basi modemu hugeuza alama kuwa milio. Modemu ya upande wa pili hugeuza milio kuwa alama tena.

Sasa tuone tofauti zake.

Kwanza, mwendo. Miaka ya 1960 kampuni ya AT&T ya Marekani ilitoa modemu ya kupeleka alama 300 kwa sekunde. Hizo ni herufi 30 hivi. Ukurasa wa herufi 2,000 ulichukua zaidi ya dakika moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuja modemu za kupokea hadi alama 56,000 kwa sekunde. Ukurasa ule ule, waya ukiwa mzuri, ulifika chini ya nusu sekunde.

Pili, kupiga simu. Kwa modemu nyingi za zamani, mtu alipiga namba mwenyewe. Kisha alilaza mkono wa simu juu ya vikombe viwili vya mpira. Chumbani kukiwa na kelele, maandishi yaliharibika. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ilitoa modemu inayopokea amri za kompyuta. Ilipiga namba yenyewe na kukata yenyewe.

Tatu, simu ya nyumbani. Modemu ikifanya kazi, laini imeshikwa. Mtu akipiga kueleza ugonjwa au msiba, hampati mwenye nyumba. Modemu za mtindo wa V.92, wa mwaka 2000, ziliweza kungoja kidogo. Mwenye nyumba aliongea, kisha modemu ikaendelea na kazi.

Lakini angalieni sana jambo hili. Modemu hazifanyi kazi peke yake, ni lazima ziwe mbili. Mpya ikikutana na ya zamani, hufuata mwendo wa ile ya zamani. Na ule uwezo wa kungoja haupatikani kama upande wa pili hauna.

Basi nilimjibu hivi: "Mzee wangu, modemu hiyo inataka waya wa simu, na hapa kijijini hatuna. Inataka pia kampuni ya kuipokea. Huko Marekani kwenyewe, kampuni ya AOL ilifunga huduma hiyo Septemba 2025. Kompyuta ikiwa nzima, inunue kwa kuandikia. Lakini modemu usiilipie hata senti."

Ndugu zangu, muuzaji akikwambia chombo ni kizuri, muulize: kinafanya kazi na nini, na wapi? Kuuliza si ujinga.