Mdudu Huyu Si Siafu

(Mazungumzo ya mwalimu wa kisomo mbele ya wanakisomo wake)



Leo ilikuwa tusome habari za mbolea ya samadi. Tutazisoma Jumatano. Leo tuzungumze juu ya mdudu aliyemo ndani ya chupa hii, maana tangu Ijumaa kijiji hakina habari nyingine.

Mnajua yaliyotokea. Mtoto wa mwenzetu alikuwa akicheza chini ya mwembe. Akaona mdudu mwekundu kifuani, mweusi nyuma, ana madoa meupe na manyoya laini. Anakimbia juu ya mchanga peke yake. Ni mzuri kama ushanga. Mtoto akamshika. Mdudu akalia kwa sauti nyembamba, kisha akamchoma kidoleni. Mtoto alilia mpaka jua likazama. Mama yake akamfunika yule mdudu kwa kopo, akamtia chupani, akaniletea. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni siafu gani?"

Kabla sijajibu, mzee wetu mmoja akasema, "Huyo si siafu, wala hana ubaya. Mimi nimemshika mara nyingi nikichunga. Ana mabawa, anaruka, na hachomi."

Mama akasema, "Shikamoo baba. Lakini mtazame mwenyewe. Huyu hana mabawa, na mwanangu kidole kimevimba."

Mzee akasema, "Marahaba mwanangu. Basi mabawa yamedondoka, kama ya kumbikumbi."

Watu wakagawanyika. Vijana wakataka kuleta mafuta ya taa na kuyamwaga katika vishimo vyote chini ya mwembe. Niliwaomba mningoje. Mmeningoja, ahsanteni. Nimekwenda kwa bwana mifugo, nimeazima kioo cha kukuzia, nimesoma. Sasa nawaambia niliyoyapata.

Kwanza, mama. Huyu si siafu. Si sisimizi wa aina yoyote. Chukueni kioo mtazame kiuno chake. Sisimizi na siafu wana kinundu kiunoni, kimoja au viwili. Huyu hana. Tazameni na vipapasio vya kichwani. Vya sisimizi vimekunjwa kama kiwiko cha mkono. Vya huyu havina kiwiko. Tena siafu hutembea jeshi zima, wana malkia na nyumba moja. Huyu hutembea peke yake, hana malkia wala jeshi. Huyu ni nyigu. Ni nyigu asiye na mabawa. Waingereza nao wamekosea kama sisi, maana humwita sisimizi wa bahameli, kwa ajili ya yale manyoya. Basi tusione haya.

Sasa, mzee wangu. Umesema kweli, na mama amesema kweli. Wote wawili! Katika jamii hii ya nyigu, jike hana mabawa tangu kuzaliwa mpaka kufa. Hayakudondoka. Kumbikumbi huzaliwa nayo, akaruka, akayaacha. Huyu hakupata kuwa nayo hata siku moja. Lakini dume wake, kwa kawaida, ana mabawa na huruka. Tena mwiba wa nyigu asili yake ni kifaa cha jike cha kutagia mayai, kilichogeuka kuwa silaha. Dume hatagi, basi hana mwiba. Ukimshika atajikunja kama anataka kukuchoma, lakini ni vitisho tu. Mzee alishika dume. Mtoto alishika jike.

Msicheke. Jambo hili hili limewasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka 200. Fikirini: mtu yuko Ulaya, analetewa wadudu wakavu katika kisanduku. Huyu hana mabawa, ana rangi nyekundu. Yule ana mabawa, pengine ana rangi nyingine kabisa, na umbo jingine. Hakuwaona wakiwa hai. Atajuaje kwamba ni mtu na mkewe? Aliandika jina moja kwa jike, na jina jingine kwa dume. Ndivyo ilivyotokea mara nyingi sana. Mdudu mmoja akawa na majina mawili, kama mtu mwenye kadi mbili za kliniki. Leo wamekwisha kutajwa zaidi ya aina 4,000 za nyigu hawa duniani, na wengi kati yao wanajulikana kwa upande mmoja tu, jike bila dume au dume bila jike.

Dawa yake ni kuwaona pamoja. Mtaalamu humweka jike hai ndani ya kitundu cha wavu. Madume husikia harufu yake, huja wenyewe. Au huwalea wadudu tangu wakiwa buu, akaona jike na dume wanatoka katika kundi moja. Siku hizi kuna na njia ya maabara, ya kulinganisha vinasaba, yaani zile alama za ukoo zilizomo ndani ya mwili. Lakini mzee aliyechunga porini miaka 40 naye ameona mambo ambayo mwenye kisanduku hakuyaona. Hilo ni wazo langu mimi.

Mtaniuliza, jina la mdudu litatusaidia nini sisi wenye ng'ombe na mashamba? Sikilizeni.

Wote hapa mnamjua mbung'o, wengine mnamwita ndorobo. Huleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Kwa kitaalamu anaitwa Glossina. Mbung'o hatagi mayai kama nzi wa chooni. Huzaa buu mmoja kila mara. Buu huyo hujichimbia katika udongo laini, kivulini, akageuka kifuko kigumu, cheusi, kidogo kama punje. Humo hukaa kiasi cha mwezi mmoja, zaidi kukiwa na baridi, ndipo atoke mbung'o mpya.

Sasa yuko nyigu mmoja wa jamii hii hii ambaye huvitafuta vifuko hivyo ardhini. Jike huchimbua, hukitoboa kifuko kwa meno, hutaga yai ndani. Mtoto wake humla mbung'o mchanga akiwa bado kifukoni. Mwishoni hatoki mbung'o. Hutoka nyigu.

Nyigu huyo alijulikana kwa wataalamu kutoka nchi jirani ya Malawi, wakati huo ikiitwa Nyasaland. Daktari mmoja wa huko, W. A. Lamborn, alikuwa akikusanya vifuko vya mbung'o, na nyigu wakatokea humo. Mwaka 1915 Mwingereza R. E. Turner akamwandika katika vitabu, akamwita Mutilla glossinae. Lisomeni polepole. Jina la pili latokana na Glossina, mbung'o. Jina la kwanza, Mutilla, ni la ukoo.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Ukoo wa Mutilla ulianzishwa na Linnaeus, Mswidi, mwaka 1758. Kwa muda mrefu kila nyigu wa namna hii aliyeonekana alitiwa humo. Ukawa kama gunia la mavuno ambamo umechanganya mtama, karanga na kunde. Ni chakula chote, lakini ukitaka mbegu ya kunde utafanyaje? Mwaka 1971 mtaalamu wa Afrika ya Kusini, Denis Brothers, alikaa chini akawachambua nyigu wanaokula mbung'o ili ajue wa ukoo gani hasa. Akaona glossinae si Mutilla. Akamfanyia ukoo wake, Chrestomutilla. Chresto ni neno la Kigiriki, maana yake chenye manufaa. Basi leo jina lake ni Chrestomutilla glossinae.

Angalieni, jina la pili limebaki. Ni kama mtoto aliyeandikishwa shule kwa jina la mjomba. Siku anaporudishwa kwa baba yake, ubini unabadilika, lakini jina lake mwenyewe ni lile lile. Asiyejua hivyo atasoma kitabu cha zamani na kitabu kipya, atadhani ni wadudu wawili. Atatafuta habari za mmoja, azikose za mwenzake, na kazi ya miaka 50 itampita.

Na katika habari za mbung'o, kukosea aina ni hasara kubwa. Wakumbukeni wenzetu wa Unguja. Mbung'o waliokuwa kule walikuwa wa aina moja tu, Glossina austeni. Basi madume ya aina hiyo hiyo yalifugwa Tanga, yakahasiwa kwa mionzi, yakaachiwa kisiwani kwa ndege tangu 1994. Majike yaliyopandwa na madume yale hayakuzaa. Mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o tena. Je, kama wangefuga madume ya aina nyingine? Fedha yote ingepotea hewani.

Nisiwadanganye lakini. Nyigu peke yake hawezi kumaliza mbung'o. Huua baadhi tu, na mbung'o wanaobaki huzaana. Mitego, dawa ya kuogesha ng'ombe, hayo yaendelee kama alivyotuagiza bwana mifugo.

Na jambo la pili, wengi wenu mnangoja niseme kwamba huyu wa chupani ndiye yule anayekula mbung'o. Siwezi kusema. Nyigu wengi wa jamii hii hawali mbung'o. Huingia katika vishimo vya nyuki wa ardhini na nyigu wengine, watoto wao wakala watoto wa wenyewe. Madoa meupe na kifua chekundu wanayo wa aina nyingi. Kwa macho yetu na kwa kioo hiki tumefika kwenye jamii tu, hatukufika kwenye ukoo. Ndiyo maana bwana mifugo ameahidi kumpeleka kwa wanaojua. Na hapa kisomo chenu kinafanya kazi. Mama ameandika mwenyewe karatasi ya kutia chupani: mahali, tarehe, chini ya mti gani, saa ngapi. Mdudu asiye na karatasi kama hiyo ni sawa na barua isiyo na anwani.

Mzee naye nimemwomba, akimwona tena yule mwenye mabawa, atuletee.

Mafuta ya taa rudisheni kwenye taa. Nyigu huyu hamfuati mtu. Huchoma anaposhikwa au anapokanyagwa. Watoto waambiwe wasimshike, na anayetembea mchangani avae viatu. Aliyechomwa aoshwe kwa maji na sabuni, awekewe kitambaa cha maji baridi. Maumivu ni makali, lakini kwa kawaida hupita yenyewe. Ila mtu akivimba uso, au akipumua kwa shida, msingoje hata kidogo. Mbio zahanati.

Mtoto wa Ijumaa hajambo, nimemwona leo asubuhi akipanda mwembe ule ule.

Chupa nitaiacha hapa mezani mpaka saa kumi na mbili. Piteni mmoja mmoja mtazame kiuno na vipapasio. Kioo kinarudi kwa mwenyewe kesho. Kifuniko msifungue.