Shomoro wa Tano
(Dominika ya 12 ya Mwaka A. Injili: Mt 10:26-33)



Ndugu msikilizaji, Injili ya Dominika hii inatupeleka sokoni. Bwana wetu anasema na wanafunzi ambao karibu atawatuma kwenda kuhubiri, nao wana hofu. Katika kuwaondolea hofu hiyo hakuwatajia majeshi ya malaika. Aliwakumbusha bei ya ndege. Katika masoko ya siku zile shomoro wawili waliuzwa kwa sarafu moja ndogo, na sarafu kumi na sita za namna hiyo zilifanya dinari moja, yaani ujira wa kibarua wa siku nzima. Ilikuwa kitoweo cha watu maskini, wale ambao hawakuweza kununua mbuzi wala kondoo.

Mwinjili Luka, katika sura ya 12, anatupa hesabu iliyo tofauti kidogo: shomoro watano kwa sarafu mbili. Akina mama waendao sokoni Tandika au Tandale wataielewa hesabu hii upesi kuliko sisi mapadre. Ikiwa wawili ni sarafu moja, basi sarafu mbili zingempatia mtu shomoro wanne. Huyu wa tano katoka wapi? Huyu ni nyongeza. Muuzaji kamtupia juu ya wenzake, kama vile muuza nyanya anavyotupia moja iliyobonyea juu ya fungu, ili mteja asiondoke na kinyongo. Shomoro wa tano hana bei hata ndogo. Naye pia, asema Bwana, Mungu hamsahau.

Nataka leo tumfikirie huyu wa tano, na nitaomba nianzie mahali ambapo pengine msikilizaji hakutegemea, yaani katika matembezi ya kutazama ndege kwenye uwanja wa chuo.

Wapo watu ambao hudamka, wakakutana mahali walipoagana, kisha wakatembea polepole wakiwa kundi, wakiwatazama ndege, wakiwataja kwa majina na kuwahesabu. Hawana manati wala mtego. Jirani zetu wa Nairobi wamezoea jambo hili tangu mwaka 1971: kila Jumatano asubuhi kundi hukutana kwenye Makumbusho ya Taifa na kutoka kwenda kutazama ndege, na kwa miongo mingi kiongozi wao alikuwa Mama Fleur Ng'weno. Hapa Dar es Salaam, chama cha kuhifadhi wanyamapori kijulikanacho kwa herufi WCST, kilichoanzishwa mwaka 1988, kiliwahi kuwakaribisha watu kwa matembezi kama hayo siku za Jumamosi, bila malipo yoyote. Nchi yetu ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Wengi wetu, tukiulizwa, tutataja kumi na tano, na katika hao watatu ni kuku, bata na kanga.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na desturi ya kuwatembelea vijana wa Mlimani. Chuo kile, kama wengi wenu mjuavyo, kilianza mwaka 1961 katikati ya mji, katika jengo la mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, na mwaka 1964 kikahamia kilimani, sehemu ambayo baadaye ilihesabiwa kuwa Kinondoni na siku hizi ni Ubungo. Majengo yameongezeka sana tangu hapo. Maktaba kubwa mpya ilifunguliwa mwaka 2018. Hata hivyo bado iko miti, viko vichaka, na kwenye mabonde yake mtu anaweza kusahau kwamba magari ya barabara ya Sam Nujoma yako karibu. Vijana wachache walikuwa na kawaida ya kutembea huko kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutazama ndege. Kundi lao halikuwa chama. Halikuwa na jina wala mhuri. Lilikuwa na darubini moja, kitabu kimoja cha picha za ndege, na daftari. Siku moja walinikaribisha. Nilikwenda kwa adabu tu, nikidhani ni mchezo wa watu wasio na kazi.

Nikiri kwamba asubuhi ile nilikuwa kama kipofu. Wao walisimama chini ya mti wakanong'ona, "Yule pale, Baba, kwenye tawi la pili," nami niliona majani tu. Ilinichukua majuma matatu kujifunza kutulia. Ndipo nilipoanza kuwaona: chozi, mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya kushonea magunia, akinyonya maua, mnana wakifuma viota vyao kwenye ncha za makuti huku wakigombana kama watu waliokodi nyumba moja, dudumizi, ambaye jina lake ni sauti yake yenyewe, naye wazee husema analilia mvua. Mbayuwayu huja kwetu kutoka Ulaya na Asia wakati kule ni baridi, kisha huondoka. Kiumbe chenye uzito wa gramu ishirini hivi kinavuka jangwa na bahari kuja kula wadudu juu ya kiwanja chetu cha mpira! Nabii Yeremia, katika sura ya 8, aliwatazama ndege wasafiri wa namna hiyo akaona kwamba wanayajua majira yao kuliko watu wa Mungu walivyoyajua yaliyowapasa. Ni dhahiri kwamba nabii yule alikuwa mtazamaji.

Mwisho wa kila matembezi tuliketi ngazini, na dada mmoja mwenye mwandiko mzuri akaandika hesabu katika daftari. Shore kumi na wanne. Mnana ishirini na wawili. Chozi sita. Tetere watatu. Mdiria mmoja. Huyo mdiria mmoja tulimfurahia kana kwamba tumeokota lulu, tukabishana kama alikuwa yule yule wa juma lililopita. Kisha zikafuata mistari miwili ya mwisho, ambayo kila juma ilikuwa sawasawa: Shomoro, wengi. Kunguru, wengi.

Sikuona ubaya wowote katika neno lile. Nani ahesabu kunguru wa Dar es Salaam? Si ndege wa asili ya kwetu hata kidogo. Waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, na kutoka huko wakaenea pwani yote. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, wanaiba sabuni kisimani, na zimekwisha kufanyika kampeni za kuwapunguza, huko Zanzibar na hapa kwetu. Mimi sina ugomvi na kampeni hizo, ingawa nilimsikia kijana mmoja katika kundi letu akisema jambo la haki: hata mtu anayetaka kuwapunguza, kwanza inampasa awahesabu.

Kijana huyo ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake. Alitoka mikoa ya kusini. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache, naye ndiye aliyetunza darubini, kwa kuwa alikuwa mwangalifu kuliko sote. Kila Jumamosi alikuja wa kwanza, akaifuta vioo kwa kipande cha khanga, akawapa wenzake watazame, naye akatazama wa mwisho. Tulimwita "Fundi Darubini". Alicheka tulipomwita hivyo.

Jumamosi moja hakuja. Tulikwenda tukatazama kwa macho matupu. Juma la pili hakuja, tukasema ana mitihani. Juma la tatu tuliona ndege mkubwa ametua juu ya mti mkavu ng'ambo ya bonde. Mmoja alisema ni kipanga, mwingine akasema ni tai, na bila darubini hatukuweza kuamua. Kila mtu akaudhika. Ndipo dada yule mwenye daftari alipouliza: "Jamani, Fundi yuko wapi na darubini yetu?"

Ndugu msikilizaji, nakuomba uangalie vizuri jinsi swali lilivyoulizwa, maana nami nilikuwapo na sikuona kasoro. Tulimkumbuka mtu kwa ajili ya darubini. Na tulipotaka kumtafuta, tukagundua kwamba hakuna katika sisi aliyejua jina la baba yake, wala mwaka wake wa masomo, wala mahali anapolala. Sisi ambao tuliweza kubishana nusu saa kama mdiria wa leo ni yule wa juma lililopita! Nami niliyekuwa padre kati yao nilikuwa nimempa mkono kila Jumamosi kwa muda wa miezi mitano.

Vijana wawili walijitolea kuulizauliza. Siku ya pili jioni walimpata Msewe, katika chumba cha uani alichoazimwa na mtu wa kwao. Alikuwa na homa siku ya nane. Baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimpelekea fedha, alikuwa ameugua kijijini, na fedha zilikuwa zimekatika kwa miezi miwili. Kijana alikuwa akila mara moja kwa siku, na siku nyingine hakula. Hakumwambia mtu. Chini ya mto wake, ndani ya taulo, ilikuwamo darubini. Wale vijana walinieleza kwamba neno la kwanza alilosema lilikuwa la kuomba radhi, kwa kuwa sisi tumetembea majuma matatu bila darubini.

Mtu mwenye njaa alikuwa amelalia kitu ambacho angeweza kukiuza kabla ya jua kuchwa na kupata chakula cha miezi. Hakukiuza, kwa kuwa si chake. Nasi, tulipokuwa tukinung'unika chini ya mti, baadhi yetu tulikuwa tumekwisha kufikiri kwamba labda amekimbia nacho. Nasema "baadhi yetu" kwa aibu, maana wazo hilo lilipita pia katika moyo wa anayesema nanyi sasa.

Tulimpeleka hospitali usiku ule. Alilazwa siku sita, na Mungu ashukuriwe, alipona.

Tangu siku hizo siwezi kuisoma Injili ya leo bila kulikumbuka lile daftari. Kweli, Bwana mwenyewe mwishoni mwa maneno yake anawataja shomoro wengi. Lakini angalia mpango wake: hataji wengi kabla ya kumtaja mmoja, yule anayeanguka chini. Hata nywele za kichwa, anasema, zina hesabu yake. Sisi huanza na wengi, na mara nyingi tunaishia hapo hapo. Nimesoma taarifa nyingi za vigango: "Waamini wengi walihudhuria." "Watoto wengi wanafuata mafundisho." Mtu haandiki hivyo kwa ubaya. Neno "wengi" linapendeza katika taarifa. Ni neno la sifa. Ila lina giza ndani yake, na katika giza hilo mtu anaweza kulala na homa siku nane.

Nawaambia hasa ninyi makatekista, kwa kuwa ninyi ndio mnaoshika madaftari. Maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana katika AMECEA mwaka 1976, walizitilia mkazo jumuiya ndogo ndogo. Neno "ndogo" walilirudia mara mbili, nami napenda kuamini kwamba hawakulirudia bure: jumuiya iwe ndogo kiasi cha kuonekana pengo lake pale mmoja anapokosekana. Sasa jumuiya nyingine huku Mbagala na Kimara zina familia sitini, na mpangaji wa chumba cha nyuma aliyehamia mwezi uliopita hajulikani hata na aliyeazima kwake kiti cha ibada. Yule mtoto wa mafundisho anayekaa benchi la mwisho, ambaye hajibu maswali wala hapigi kelele, ana jina la tatu? Analala kwa nani? Mdiria wenu mnamjua. Kila darasa lina mdiria wake, mtoto mwerevu ambaye kila mgeni huonyeshwa. Nawauliza habari za shomoro.

Nami sisemi kwamba ni kazi nyepesi. Kuhesabu walio wengi kunachosha. Hawatulii, wanafanana, na ukimaliza hakuna anayekupongeza.

Jumamosi ya kwanza baada ya kijana yule kutoka hospitali, dada wa daftari alifungua ukurasa mpya. Kabla ya kuandika ndege hata mmoja, aliandika majina yetu, majina matatu ya kila mtu, na mahali anapolala. Kisha tukashuka hadi kwenye shimo la taka, tukasimama pale muda mrefu kuliko tulivyopata kusimama mahali popote, kwa maana kunguru huruka na kurudi, na kila mara mmoja wetu alipotewa na hesabu ikabidi tuanze upya. Walikuwa sitini na mmoja. Sisi tulikuwa tisa, na wa kumi alikuwa ameketi kwenye kiti chini ya mwembe, maana hakuwa bado na nguvu za kutembea, darubini ikiwa shingoni mwake.