Fundi Asiye na Karatasi

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa Jumapili katika mkutano wa wanachama wa tawi letu, mbele ya mafundi, wasaidizi, makarani, na wenye vibanda walioalikwa kusikiliza.)



Hatukusimama hapa leo kuwaeleza habari za nyongeza ya mshahara. Hizo mtazisikia kwa Katibu mapatano yatakapofika mahali pa kusemwa. Leo kamati imetutuma tuseme juu ya mafunzo ya kazi, na twajua ya kwamba wengine wenu mkisikia neno hilo mnaanza kutazama saa, kwa maana mmezoea kuliona kuwa jambo la watoto waliotoka shule jana. Tafadhali ngojeni kidogo. Ni jambo la mshahara vilevile, ila limepita mlango wa nyuma.

Yuko mwenzetu mmoja, yumo humu ndani, naye ametuomba tusimtaje jina. Mtu huyu alishika mashine ya kukereza vyuma miaka 19 katika karakana moja. Aliingia akiwa mtu wa kufagia vumbi la chuma. Mzee mmoja aliyekuwa akiendesha mashine ile akampenda, akamwacha asimame karibu na kutazama, halafu akamwacha ashike, hata mzee alipokwenda kwao kupumzika, kijana akabaki na mashine. Shafti ikivunjika usiku, yeye ndiye aliyefuatwa nyumbani. Lakini katika orodha ya mishahara aliandikwa mtu wa kazi za jumla, na hivyo ndivyo alivyolipwa.

Basi karakana ikaleta mashine mpya inayoongozwa na kompyuta, wakatafutwa vijana 2 kutoka nje wenye vyeti. Ni vijana wazuri, hatuna ugomvi nao. Kompyuta waliijua, lakini chuma hawakukijua bado: kipi ni laini, kipi kinapasuka ukikiharakisha, kipi kinataka maji zaidi. Nani aliwafundisha? Ni huyu mwenzetu. Aliwafundisha wiki 6, na wiki ya 7 akafanywa msaidizi wao.

Tulikwenda kwa meneja tukiwa na hasira. Naye hakupiga kelele. Alifungua faili akatusukumia mezani. Ndani yake hamkuwa na karatasi hata moja inayosema ya kwamba mtu huyu ni fundi. Tukanyamaza. Ndugu zetu, aibu ile haikuwa ya meneja peke yake, ilikuwa yetu pia. Kwa miaka 19 mwanachama alilipa ada yake ya chama kila mwezi, nasi hatukumwuliza hata mara moja kama amefanya mtihani wa ufundi.

Sasa tueleze kwa nini karatasi hiyo ina fedha ndani yake. Serikali inapotangaza mshahara wa chini, haitangazi mshahara mmoja. Hutoa orodha ndefu yenye mistari mingi, na miji mikubwa ina safu yake, miji midogo ina yake. Mstari wa kwanza ni wa mtu wa kazi za jumla, naye ndiye wa chini kabisa. Mbele yake kuna watu wa kila namna, na miongoni mwao wamo mafundi, ambao wamegawanywa mara nne: fundi asiye na gredi, fundi wa gredi ya 3, wa gredi ya 2, na wa gredi ya 1. Kila mmoja ana kiasi kilichompita mwenziwe wa nyuma. Maana yake ni kwamba sheria yenyewe imekwisha kukubali ya kwamba ujuzi una bei. Lakini mwajiri hawezi kulazimishwa kulipa bei ya ujuzi usioonekana mahali popote. Mkono wako unaujua, mashine inaujua, jirani zako wanaujua, lakini afisa wa kazi anapokuja kukagua husoma karatasi.

Mtihani wenyewe hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo wengi tunaiita NITA. Iliwekwa kwa mabadiliko ya sheria ya 2011, na kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya kurugenzi ya serikali, ile ya DIT. Ina vyuo vyake Nairobi, Kisumu, Mombasa na Athi River, na kile cha ushonaji na nguo Nairobi. Gredi hupandwa ngazi kwa ngazi, kuanzia ya 3. Muashi hupewa ukuta ajenge, seremala hupewa ubao, fundi wa umeme hupewa nyaya. Wala huhitaji kuwa umekaa darasani miaka miwili ndipo uruhusiwe. Aliyejifunza kwa kufanya kazi huweza kuja na mikono yake apimwe. Siku hizi pia serikali imeweka utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila shule, na kamati inaufuatilia.

Twajua kinachowazuia wengi. Mwanamume wa miaka 48 haoni vizuri kupanga mstari na vijana wa umri wa mwanawe, halafu aanguke, halafu habari ifike kiwandani kabla yake. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini tumeona waliokwenda. Mara nyingi kinachowashinda si kazi ya mkono, ni maneno. Mtu amefunga nyaya miaka 12, lakini akiulizwa kwa nini waya huu ni mnene na ule ni mwembamba, anajibu kwamba ndivyo tufanyavyo. Anajua, ila hakuwahi kuulizwa. Kwa sababu hiyo tumepanga jioni mbili kila wiki hapa ofisini, ambapo wale waliokwisha kupata gredi watawauliza wengine maswali ya namna hiyo mpaka ulimi uzoee. Hakuna ada ya jioni hizo. Chai kila mtu ajinunulie.

Sasa twende kwa shilingi 50. Wengi wenu hamjui ya kwamba kwa kila mfanyakazi aliyeajiriwa, mwajiri hutakiwa kulipa shilingi 50 kwa mwezi katika mfuko wa mafunzo ya viwandani. Fedha hizo ni za mwajiri kutoa, wala hazitakiwi kukatwa katika mshahara wako. Ukiona makato ya namna hiyo katika karatasi yako ya malipo, ilete hapa upesi. Shilingi 50 ni kidogo, haitoshi hata chakula cha mchana. Lakini piga hesabu. Kiwanda cha watu 200 hutoa shilingi 10,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa mwaka. Kwa miaka 5 ni shilingi 600,000. Na sheria inamruhusu mwajiri aliyelipa vizuri kudai arudishiwe gharama za kuwafundisha watu wake, mradi aombe kibali kabla ya mafunzo kuanza na mafunzo yatolewe na mwalimu aliyeandikishwa.

Basi mnaona namna mambo yalivyo. Mwajiri anatoa fedha, na mara nyingi haziombi tena, kwa kuwa karani wake hana nafasi ya kujaza fomu, au kwa kuwa anafikiri fundi akifundishwa atakimbia. Na akiziomba, wanaotumwa ni nani? Hutumwa wasimamizi, hutumwa watu wa ofisini, huenda hotelini siku 3 wakarudi na vyeti vya uongozi. Hatusemi uongozi haufundishwi. Twasema hatujasikia mfagiaji aliyetumwa hotelini. Na tuseme kweli yote: safari moja kamati ya kazini iliulizwa itoe majina 4 ya kupelekwa mafunzoni, na majina yaliyotoka yalikuwa ya wanakamati 3 na shemeji ya mmoja wao. Tangu siku ile tumeandika ya kwamba majina yatoke kwa daftari, kwa kufuata miaka ya kazi, na wanakamati wawe wa mwisho.

Tuwatazame pia kina mama wa viwanda vya nguo. Shati hushonwa na watu wengi waliokaa mstari mmoja, kila mtu na kipande chake. Yuko dada anayeshona kola tu. Ameshona kola miaka 8, kwa upesi ambao mimi na wewe hatuwezi hata kuufuata kwa macho. Mpe kitambaa umwambie akate shati zima, hawezi, wala si kosa lake. Kazi imemfanya hodari wa inchi chache. Agizo la ng'ambo likikatika, mstari ukafungwa, anakwenda nyumbani na ujuzi wa kola, na hapana mtu mtaani anayenunua kola peke yake. Kwa hiyo katika mapatano yajayo twataka kifungu cha kumhamisha mshonaji kutoka kipande hata kipande kila baada ya miezi kadhaa, kwa mshahara uleule, hata kama mwanzoni atachelewa. Mwenye kiwanda atalalamika juu ya hesabu ya siku. Na alalamike, mshonaji anayejua mahali pote humfaa yeye pia siku mwenzake anapougua.

Wenye vibanda waliokuja leo tusiwasahau. Wengi walikuwa wanachama wetu kabla ya kazi kupunguzwa, na wengi wetu tutakuwa kama wao. Tangu 1972, wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walipotoa taarifa yao juu ya kazi na mapato katika Kenya, imejulikana kote ya kwamba watu wa jua kali hawakai bure, wanazalisha mali. Lakini kuzalisha ni jambo moja na kubaki na kitu mfukoni ni jambo jingine. Chukua mchomeleaji wa mageti. Tuseme vyuma ni shilingi 14,000, vijiti vya kuchomea, diski na rangi 2,500, umeme na mkokoteni 1,500. Jumla 18,000. Anauza geti kwa 20,000, anafurahi, amepata 2,000. Lakini alikuwa na kijana wa kumsaidia siku 4, kwa 600 kila siku, ndiyo 2,400. Amekwisha kupoteza 400, na bado hatujahesabu siku zake mwenyewe 4, wala kodi ya kibanda. Jioni akinunua unga kwa zile fedha, ananunua kwa fedha za chuma cha geti la pili. Mtu huyu hakosi ufundi. Anakosa daftari la shilingi chache na mtu wa kumwonyesha jinsi ya kujiandikia mshahara wake mwenyewe kwanza, kama tajiri mwingine yeyote amwandikiavyo mtu wake. Karani wetu wa hesabu amejitolea Jumamosi mbili kwa jambo hilo.

Na yule kijana wa 600 naye, tafadhali, msimfanye kama mwenzetu wa mashine ya kukereza. Kama ni mwanagenzi, mwandikieni hata ukurasa mmoja: alianza lini, anajifunza nini, atapimwa lini.

Limebaki jambo la barua. Wazee wetu walivaa kipande. Sheria yake ilitungwa 1915, ikaanza kutumika baada ya vita, na mwanamume Mwafrika alibeba shingoni kikopo cha chuma chenye karatasi ambayo mwajiri huandika lini aliingia na lini ameruhusiwa kuondoka. Karatasi ile ilikuwa ya kumfunga mtu. Kwa hiyo hatushangai wengi wakichukia karatasi za kazi mpaka leo. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, imeigeuza habari hiyo. Kila aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo, akiondoka, mwajiri lazima ampe cheti cha utumishi: jina la mwajiri na anwani yake, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza, kazi aliyofanya na mahali, na siku aliyomaliza. Si hisani, hata kama mlipatana vibaya. Na angalieni mstari wa kazi aliyofanya. Kama ulichomelea, pasiandikwe kazi za jumla. Usipokee ukatia mfukoni bila kusoma. Rudisha papo hapo mstari huo urekebishwe, na ukikataliwa njoo hapa kabla siku hazijapita nyingi.

Mwenzetu wa miaka 19 amejiandikisha kwa gredi ya 3. Tulimwambia anastahili kuanzia juu zaidi, naye akasema ngazi hupandwa kutoka chini. Wale vijana 2 wa kompyuta ndio wanaomfundisha jioni kusoma michoro.

Daftari la majina liko kwa karani wa tawi kuanzia kesho saa 11 jioni. Njooni na kitambulisho, na barua zozote za kazi za zamani mlizo nazo, hata zilizochanika.