Kuvu za Mwilini: Pimwa Kwanza, Dawa Baadaye



Kila mkaaji wa Kisiwa cha Mombasa ajua jinsi jasho lisivyokauka mwilini wakati wa kaskazi, na jinsi nguo zilizofungiwa sandukuni wakati wa masika zinavyoota ukungu. Hewa ya joto yenye unyevu, iotayo ukungu juu ya mkate na viatu, huotesha pia kuvu juu ya ngozi ya mwanadamu. Ndiyo sababu choa, mba, mapunye ya watoto na maradhi ya baina ya vidole vya miguu hujulikana sana, tangu Kibokoni na Kuze katika Mji wa Kale hata Majengo na Makupa. Maradhi haya si laana wala si jambo la kuonea haya. Watoto wawili wakivaa kofia moja, nyumba nzima ikitumia kitana kimoja, au kinyozi asiposafisha mashine yake, mapunye hupata njia ya kupita kutoka kichwa hata kichwa.

ALAMA MOJA, MARADHI MBALIMBALI

Lakini si kila baka la mviringo ni choa. Laweza kuwa pumu ya ngozi, ambayo haitokani na kuvu. Laweza pia kuwa ukoma, hasa likiwa halisikii kuguswa kwa pamba. Maradhi matatu haya yana dawa tatu mbalimbali, na anayekisia kwa macho tu aweza kukosea.

Liko kosa moja litendwalo mara nyingi. Mtu hununua dukani krimu yenye steroidi, akajipaka. Baada ya siku chache mwasho hupoa na wekundu hupungua, naye hudhani amepona. Kumbe dawa ile imetuliza ngozi tu, na kudhoofisha ulinzi wake. Kuvu huendelea kuenea, na ule mviringo uliokuwa ukiutambulisha ugonjwa hupotea, hata mganga naye hupata taabu kuutambua.

KAZI YA MAABARA

Uchunguzi wa kwanza ni mwepesi, wala hauna maumivu makubwa. Mpimaji husafisha baka kwa spiriti, kisha hukwangua magamba ya ngozi penye ukingo wake, maana ndipo kuvu iliyo hai ilipo. Katikati huwa pameanza kupona. Ikiwa ni mapunye, nywele zilizokatika hung'olewa kwa kibano pamoja na mashina yake. Kuzikata kwa mkasi hakutoshi. Ikiwa ni kucha, huchukuliwa vipande na unga ulio chini yake. Vitu hivyo hutiwa katika karatasi kavu iliyokunjwa, kwa sababu chupa yenye unyevu huotesha bakteria na kuharibu kazi.

Magamba huwekwa juu ya kipande cha kioo, yakatonewa maji makali ya potasiamu haidroksaidi, ya asilimia 10 hadi 20. Dawa hii huyeyusha ngozi, lakini kuvu haiyeyuki upesi. Baada ya dakika chache mpimaji hutazama kwa hadubini, na kama kuvu imo, huona nyuzi nyembamba zenye matawi. Kucha huhitaji kungojewa zaidi, kwa kuwa ni ngumu.

Ili kujua ni kuvu ya namna gani, magamba mengine hupandwa juu ya agari, kitu kama jeli kitokanacho na mwani wa baharini, kilichotiwa sukari na chakula kingine. Chakula hicho chaitwa kwa jina la Raymond Sabouraud, daktari wa Ufaransa aliyechunguza sana mapunye. Hapa subira hutakiwa: kuvu za choa huchukua wiki 2 hadi 4 kuota vizuri. Basi mgonjwa aambiwaye arudi baada ya mwezi asidhani kuwa amepuuzwa.

Iko pia taa ya Wood, iliyobuniwa na Robert Williams Wood wa Marekani mwaka 1903. Gizani, baadhi ya kuvu za kichwani hung'aa rangi ya kijani chini ya taa hiyo. Lakini Trichophyton violaceum, iletayo mapunye mengi katika Afrika ya Mashariki, haing'ai. Kwa hiyo kichwa kisichong'aa hakijathibitishwa kuwa kizima.

Faida ya taabu hii ni kubwa. Dawa ya kupaka peke yake haiponyi mapunye, kwa kuwa haifiki ndani ya shina la unywele. Mtoto hana budi kumeza dawa kwa wiki kadhaa, na haifai kumnywesha dawa muda huo wote kwa kubahatisha.

KUVU IUAYO

Iko kuvu nyingine, Cryptococcus, ambayo hukaa katika udongo na mavi ya njiwa. Huingia kwa pumzi, wala haiambukizwi kati ya mtu na mtu. Wenye afya wengi haiwadhuru, bali aliyedhoofishwa na UKIMWI yaweza kumpanda ubongoni. Dalili zake ni maumivu ya kichwa yasiyokwisha, homa, kutapika na kuchanganyikiwa. Zamani wapimaji walitegemea wino mweusi: maji ya uti wa mgongo yakichanganywa nao, kuvu huonekana kama duara jeupe gizani. Lakini kuvu zikiwa chache, wino huweza kuzikosa. Siku hizi kipo kijiti kipimacho damu au maji hayo kwa muda wa dakika 10 hivi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wenye virusi vya UKIMWI, ambao chembe zao za CD4 ni chini ya 100, wapimwe damu kabla ya kuanza au kurudia dawa za virusi, hata kama hawajaumwa na kichwa. Maana kuvu ikionekana mapema, maisha huweza kuokolewa.

YAPASAYO KUFANYWA

Mwenye baka asipake kitu kabla ya kupimwa. Na kama amekwisha kupaka, aseme wazi ni dawa gani na tangu lini. Mama apelekaye mtoto mwenye mapunye awapeleke na ndugu zake watazamwe. Kituo kidogo kisipokuwa na vifaa vya kuotesha kuvu, mgonjwa aulize kama magamba yaweza kupelekwa hospitali kubwa. Jawabu la kwanza likiwa hakuna kuvu, na baka lingali likienea, arudi apimwe tena. Na mwenye virusi vya UKIMWI aumwaye na kichwa siku nyingi asingoje hata kesho.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Magamba machache ndani ya karatasi kavu hayana gharama ya kulinganishwa na miezi ya kupaka dawa isiyo yake.