Kitambi Chetu



Sisi wa reli mwenye kitambi tulimwita Bwana Mkubwa, tukisema mshahara umemkubali. Kumbe mafuta tunayoyashika chini ya ngozi si mabaya kama yaliyo ndani, yanayozunguka ini na matumbo. Hayo huchangia kisukari, shinikizo la damu na ugonjwa wa moyo.

Suruali hutudanganya, maana mshipi tunaufunga chini ya tumbo. Tulipimana kwa utepe wa fundi cherehani, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Wanne tulipita sentimita 94, ambapo hatari huanza kwa mwanamume. Mmoja alipita 102, naye miguu yake ni myembamba! Ameanza kwenda zahanati.

Jumamosi utepe utakuwapo mkutanoni. Tafadhali msivute tumbo ndani.