Mlangoni pa Hema

Somo: Hesabu 27:1–11



Binti watano wa Selofehadi walifiwa na baba jangwani, wala hawakuwa na ndugu wa kiume. Hawakunung'unika kisimani. Walisimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa na mkutano wote, wakaeleza haja yao. Musa akaipeleka kwa Mungu, na Mungu akawapa haki.

Wako Wakristo wasemao kwamba kupeleka mirathi mahakamani ni kuwashtaki ndugu. Sivyo. Mahakama ya mirathi ni mlango wa hema: jambo la sirini hutajwa mbele ya watu.

Tufikiri juu ya boma moja la Mashuuru. Baba amefariki, ameacha mjane, watoto wadogo, ng'ombe, na hati ya shamba lililotoka katika ranchi ya kikundi. Matanga hayajaisha, baba mdogo anafika na mnunuzi kutoka Kitengela. Je, auze? Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Kenya tarehe 1 Julai 1981, inamzuia. Kwanza familia ipate barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, iende mahakamani Kajiado, na ombi litangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, ili mwenye pingamizi aseme. Pasipo wosia, na wamo watoto wadogo, wasimamizi wawe wawili au zaidi. Wala shamba haliuzwi kabla mahakama haijathibitisha usimamizi. Aingiliaye mali ya marehemu bila kibali aweza kutozwa faini, hata kufungwa.

Ni kweli, mwaka 1981 mashamba na mifugo ya Kajiado yaliachiwa mila pale pasipo wosia. Lakini Katiba ya 2010 inakataa mila inayombagua mwanamke katika ardhi. Basi, mzee wangu, andika wosia ungali hai, mbele ya mashahidi wawili, na binti zako uwataje.

Nawe uliyewekwa msimamizi, u mtunzaji tu, si mwenye mali. Mahakama itakudai hesabu. Na Mungu vilevile.

Wazee wa kanisa, mjane asiende Kajiado peke yake. Mmoja wenu amsindikize, aketi naye, amsomee karatasi kabla hajatia kidole.

Tuombe. Ee Mungu, Baba wa yatima, utupe mikono safi juu ya mali isiyo yetu. Amina.