Sumu Tunazopulizia, Chakula Tunachokula: Tunaomba Sheria Ifike Dukani

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa wakulima, wainjilisti na viongozi wa vikundi, Moshi)



 Ofisi ya miradi tumeombwa tuzungumzie kilimo hai na matumizi ya viuatilifu, yaani zile dawa za kuua wadudu, magonjwa ya mimea na magugu. Ni rahisi kuanza kwa kuwalaumu wengine. Sisi tutaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita tulialikwa kwenye Sikukuu ya Mavuno katika usharika mmoja wa tambarare. Baada ya ibada ukafanyika mnada kama kawaida yetu: mikungu ya ndizi, kuku, debe la mahindi, na tenga la nyanya nzuri kutoka shamba la kikundi tulichokifundisha sisi. Tukapandisha bei kwa furaha, tukalinunua. Tulipokuwa tunapakia, bibi mmoja akapitisha kidole juu ya nyanya, akatuonyesha unga mweupe uliobaki kidoleni. Akauliza, "Wanangu, hizi zimepuliziwa lini?" Kijana aliyezileta akajibu bila kuficha, "Alhamisi, bibi. Ili zisiharibike kabla ya sikukuu."

Kijana yule hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumtolea Mungu kilicho kizuri. Sisi ndio tuliomfundisha kupima dawa kwa kifuniko na kutunza bomba. Hatukumfundisha kuhesabu siku. Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, na siku hizo huandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Tulipomwomba atuonyeshe chupa, alituletea ya soda. Alipimiwa dawa dukani humo, bila jina na bila maandishi yoyote. Angejuaje siku za kusubiri?

Ndugu zangu, jambo hili si la kijana mmoja. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti juu ya wakulima wadogo wa mboga wa kanda hii ya Kaskazini, ulioongozwa na mtafiti wa Tanzania, Aiwerasia Ngowi. Asilimia 68 ya wakulima walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupulizia: kuumwa kichwa, kizunguzungu, ngozi kuwasha. Karibu theluthi moja walikuwa wakichanganya dawa zaidi ya moja katika bomba moja. Asilimia 61 walisema hawakutumia fedha yoyote kwa matibabu ya madhara hayo. Maana yake ni kwamba wengi hawakufika zahanati. Mtu anarudi nyumbani, anakunywa maziwa, analala, kesho anapulizia tena. Ukienda kutafuta ugonjwa huu kwenye vitabu vya zahanati, utaukuta mara chache kuliko ulivyo.

Wengine watasema, "Sisi wa mlimani tuna vihamba, hayo ni ya watu wa tambarare." Ni kweli kihamba ni urithi mkubwa. Migomba inatoa kivuli kwa kahawa, majani yake yanalisha ng'ombe wa zizini, na samadi inarudi kwenye migomba. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Wazee wetu walikuwa wakulima wa kilimo hai kabla neno hilo halijatufikia.

Hata hivyo tusijidanganye. Kahawa yetu imepuliziwa dawa za shaba kwa miongo mingi ili kuzuia chulebuni na kutu ya majani. Shaba ni madini, haiozi. Inayoanguka chini inabaki kwenye udongo na kuongezeka mwaka hadi mwaka. Halafu maji hayana mpaka. Mfongo unaopita kwako ukioshea bomba ndani yake, unampelekea jirani wa chini. Mito ya Weruweru na Kikavu inashuka, inaingia Kikuletwa, na hatimaye bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wanavua samaki. Na mama wa Marangu naye hununua nyanya Mbuyuni au Kiboriloni, zilizolimwa tambarare. Mlima na tambarare tunakula sahani moja.

Sasa tufanye nini? Kuna mambo ambayo mkulima anaweza kuyaanza mwenyewe. Kagua shamba kabla ya kupulizia, usipulizie kwa kalenda. Chukua mfano wa kantangaze, mdudu wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014. Kiwavi wake anaishi ndani ya jani na ndani ya tunda, kwa hiyo dawa nyingi inayobaki juu haimfikii. Inawaua wadudu rafiki ambao wangemla, na yeye anajenga usugu. Kubadilisha mazao, kuchuma na kufukia majani yaliyoshambuliwa, na kutumia mitego ya harufu inayonasa madume, husaidia zaidi kuliko kuongeza kifuniko cha tatu cha dawa. Kwa upande wa kahawa, kituo cha utafiti cha TaCRI pale Lyamungo kimetoa aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mkulima aliyepanda aina hizo anapunguza sana gharama ya dawa za ukungu.

Tuna pia mwarobaini, pilipili na utupa. Lakini hapa tunatoa tahadhari. Dawa ya asili nayo ni dawa. Wazee walitumia utupa kuvulia samaki kwa sababu unawaua. Usioshe chombo chake mtoni kwa kudhani kwamba kila kinachotoka kwenye jani hakina madhara.

Soko la kilimo hai nalo lipo. Tangu mwaka 2007 Afrika Mashariki ina viwango vyake vya mazao ya kilimo hai na alama ya Kilimohai. Novemba 2023 Serikali yetu ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai. Haya ni mambo ya kushukuru.

Pamoja na hayo, tumefika mahali tunasema wazi: mafunzo peke yake hayatoshi. Tumefundisha kwa miaka mingi. Fikirini mama anayelima mnafu na nyanya bila sumu, anayesubiri siku zake kabla ya kuvuna, anayekubali baadhi ya nyanya ziwe na madoa. Sokoni anakaa karibu na mwenzake aliyepulizia jana. Mnunuzi haoni tofauti, ila anaona madoa. Anamwacha mwaminifu, anakwenda kwa yule mwingine. Tukimwacha mama huyu apambane peke yake, tunamtoza faini kwa sababu ya uaminifu wake. Kazi ya sheria ni kumwondolea mzigo huo, ili kila anayelima na kila anayeuza afuate masharti yale yale.

Sheria ipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyochukua kazi za ile TPRI tuliyoizoea, pale Ngaramtoni, Arusha. Kila kiuatilifu kinatakiwa kisajiliwe, na muuzaji awe na kibali. Usalama wa chakula, tangu mwaka 2019, uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Kwa hiyo hatuombi kuanzisha kitu kipya kabisa. Tunaomba sheria ishuke kutoka kwenye karatasi, ifike kwenye duka la pembejeo la kijijini na kwenye meza ya soko. Maombi yetu ni manne.

Kwanza, kupima dawa kwenye chupa za soda na maji kukomeshwe. Anayenunua dawa kidogo auziwe kifungashio kidogo kilichofungwa kiwandani, chenye maelezo ya Kiswahili. Ule mstari wa rangi kwenye kibandiko, wa kuanzia nyekundu kwa sumu kali zaidi, kisha njano, buluu na kijani, umsaidie hata asiyejua kusoma. Chupa ya soda haina mstari, na mtoto anaweza kuinywa.

Pili, dawa za mstari mwekundu ziondolewe mikononi mwa wakulima wadogo kwa ratiba inayojulikana, na mbadala wake utangazwe mapema. Joto letu halimruhusu mtu kuvaa koti zito na barakoa siku nzima, na kibarua hana fedha za kuvinunua.

Tatu, nyanya, kabichi na hoho za masoko yetu zichukuliwe sampuli na kupimwa mara kwa mara, na majibu yatangazwe kwa wananchi. Mboga inayokwenda Ulaya inakuta viwango vya mabaki ya sumu vinamsubiri mpakani. Mtoto wa Njoro au Majengo anastahili uangalifu ule ule.

Nne, bwana shamba na bibi shamba waongezwe na wawezeshwe kufika vijijini. Pasipo mtaalamu wa Serikali, mshauri pekee wa mkulima ni muuzaji wa dawa, naye anaishi kwa kuuza.

Kuna wanaosema masharti makali yataleta njaa. Hofu hiyo tunaiheshimu, na nchi ya Sri Lanka inatupa mafundisho mawili. Mwaka 2021 serikali yake ilipiga marufuku mbolea na viuatilifu vya viwandani karibu kwa usiku mmoja. Mavuno ya mpunga na chai yalishuka, wakulima wakaandamana, na kabla ya mwaka kwisha amri ile ikalegezwa. Hatutaki njia hiyo. Lakini nchi hiyo hiyo, kuanzia miaka ya 1990, iliziondoa sumu kali moja baada ya nyingine. Vifo vya watu kujiua vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata, na mavuno hayakushuka kwa sababu hiyo. Wachungaji na wainjilisti mlioko hapa mmezika watu waliokunywa dawa ya shambani saa ya uchungu. Mnajua kwamba sumu kali isipokuwa karibu, mtu hupata nafasi ya kufikiwa, kusikilizwa na kupona.

Kwa upande wetu, hatuwezi kuiomba Serikali bila kujirekebisha. Vikundi vyote tunavyovihudumia sasa vinatunza daftari la shamba: jina la dawa, tarehe ya kupulizia, tarehe inayoruhusiwa kuvuna. Hakuna daftari, hakuna mkopo wa pembejeo. Tunaomba pia kila usharika ukubali jambo moja dogo. Siku ya Mavuno, anayeleta mboga kwenye mnada ataje ilipuliziwa lini, au aseme haikupuliziwa. Asiaibishwe anayesema ukweli. Kama siku hazijatimia, mboga irudi, alete sadaka nyingine siku nyingine.

Mtauliza lile tenga tulilipeleka wapi. Tulilifukia shimoni nyuma ya ofisi, fedha yetu ikabaki kwa usharika. Yule kijana alisimama akitutazama tunavyofukia kazi yake ya miezi mitatu, hakusema neno. Hatupendi kumwona mkulima mwingine akisimama hivyo, wala hatupendi nyanya kama zile zimfikie mtoto sahanini kwa sababu hakuna aliyeuliza. Bibi yule aliuliza. Tunaomba na Serikali iulize, dukani na sokoni, kila siku.